Ukubwa wa Bei Siyo Ukubwa wa Dawa

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wanaotumia dawa za kila siku na wale wanaowauguza. Wengi waliokosa kufika wameiomba kwa maandishi, basi hii hapa yote kama nilivyoongea, picha za kwenye skrini tu ndo nimeziacha.)

Wazee wangu shikamooni. Wenzangu habari zenu. Na nyie mliosimama kule nyuma poleni sana, viti vimeisha, nitajitahidi nisiwachoshe miguu.

Nianze na swali. Nani hapa ameshawahi kusimama dirishani kwa mfamasia akaambiwa dawa yako ipo ya bei hii na ipo ya bei ile, moja inaizidi nyenzake mara nne mara tano, akachukua ya bei kubwa kwa sababu ameogopa tu? Nyoosheni mikono. Haya, shusheni, mko wengi. Swali la pili sasa. Nani alichukua ile ya bei kubwa, halafu mwezi uliofuata hakurudi kununua kabisa kwa sababu hela haikutosha?

Mikono imepungua. Lakini mimi nafanya kazi dirishani pale, nyuso zenu nazijua!

Mnacheka, lakini hilo la pili ndo limenileta hapa. Watu wengi huniuliza orijino, ile ya kampuni iliyoigundua, na jeneriki, dawa hiyohiyo ikitengenezwa na wengine, ipi nzuri, na mimi huwa nawajibu kwa swali lingine: utaweza kuinunua mwezi ujao? Na mwezi wa baada ya huo? Na mwakani? Kwa sababu dawa ya presha siyo ya wiki moja, ya kisukari siyo ya wiki moja, ya kolesteroli siyo ya wiki moja. Dawa ya namna hii inafanya kazi siku uliyoimeza. Siku hukuimeza haifanyi kazi, hata kama boksi lake lina maandishi ya dhahabu.

Kuna mama mmoja alikuwa mteja wangu. Anameza kidonge leo, anaruka siku mbili, anameza tena. Siyo kwamba hakuelewa maelekezo, aliyaelewa vizuri sana, alikuwa anapiga hesabu! Boksi la mwezi mmoja alitaka limfikishe miezi mitatu. Sasa anakwenda kliniki presha iko juu, daktari anaangalia anasema hii dawa haimtoshi, anamwongezea ya pili, nayo kaiandika kwa jina la biashara, nayo bei ndefu. Mnaona mambo yalivyo? Mtu ameshindwa kulipia dawa moja, dawa ya kushindwa huko ikawa ni kuandikiwa mbili. Na ile dawa ya kwanza ilikuwa na jeneriki yake ambayo angeimeza kila siku bila kuruka, hakuna aliyemwambia na yeye hakuuliza.

Sasa tuelewane tunaongelea nini. Ukifika nyumbani chukua boksi lako la dawa. Lile jina kubwa la rangi ni jina la biashara, kampuni imelitunga na imelisajili, ni mali yao. Shusha macho kidogo, chini yake au pembeni, kwa herufi ndogo, wakati mwingine ndogo kweli mpaka uazime miwani, kuna jina lingine na namba. Amlodipini, miligramu 5. Hilo ndo jina la dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani ndo linalosimamia majina haya, orodha yao ya kwanza ilitoka 1953, lengo ni kwamba dawa moja iwe na jina moja dunia nzima, halina mwenyewe, kila mtu aruhusiwe kulitumia. Norvasc ni amlodipini. Glucophage ni metformini. Lipitor ni atorvastatini. Mtu ni yuleyule, kabadilisha shati.

Na kutokujua hili siyo hasara ya mfukoni peke yake. Mzee mmoja aliletwa na binti yake, miguu imevimba vifundoni, kizunguzungu kila akisimama. Binti kaja na mfuko wa dawa zote, nikamwambia zimwage hapa juu ya meza tuzione. Boksi moja lina jina la biashara, hospitali ya kwanza walimpa. Boksi lingine jeneriki, hospitali ya pili. Rangi tofauti, kidonge tofauti, kimoja cha duara na kingine kina pembe nane. Ndani yake dawa ni ileile moja! Mzee alikuwa anameza dozi mara mbili kila asubuhi na anajisifu hakosi hata siku. Tulimrudisha kwa daktari siku hiyohiyo. Kwahiyo wale mnaouguza wazee, naombeni, zimwageni mezani zote msome yale maandishi madogo, boksi kwa boksi. Ni kazi ya dakika kumi.

Haya. Kwa nini bei zinapishana hivyo kama dawa ni ileile?

Niwe mkweli kwa kampuni kubwa kwanza, maana wengine mnapenda nizitukane na leo sizitukani. Kutafuta dawa mpya ni gharama kweli. Dawa nyingi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, karibu tisa katika kumi, hazifiki sokoni. Anayegundua anapewa hataza, yaani haki ya ugunduzi huo kuwa wake peke yake, kwa kawaida ya miaka 20 tangu alipoiomba, na miaka mingi ya hiyo inaishia kwenye majaribio kabla hajauza hata kidonge kimoja. Muda uliobaki anauza peke yake, bei anapanga mwenyewe. Hataza ikiisha, wengine wanaruhusiwa kutengeneza. Hawa wa pili hawakulipia ugunduzi, hawakulipia majaribio ya maelfu ya watu, hawalipii sana matangazo wala wale vijana wa suti wanaozunguka kwa madaktari na mabegi. Ndo maana wanaweza kuuza chee. Mtu anayekwambia ni rahisi kwa sababu wamepunguza dawa ndani, muulize amejuaje.

Marekani kabla ya 1984 mwenye jeneriki alikuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha upya mambo ambayo yalishathibitishwa. Mwaka huo wakapitisha sheria, watu huiita Hatch-Waxman, ikasema onyesha kwamba dawa yako inaingia mwilini sawasawa na ile ya kwanza, inatosha. Wakati ule jeneriki zilikuwa karibu asilimia 19 tu ya dawa zilizoandikwa na madaktari kule. Leo ni kama asilimia 90. Na hizo asilimia 90 zinakula chini ya asilimia 20 ya hela yote inayotumika kwenye dawa. Yaani vyeti tisa katika kumi ni jeneriki na bado sehemu kubwa ya hela inamezwa na kile cheti kimoja kilichobaki.

Lakini sikilizeni hapa, maana hapa wengi hukosea. Bei haishuki eti kwa sababu dawa imezeeka. Inashuka kwa sababu wauzaji wameongezeka. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa uchambuzi 2019: akiwepo mtengenezaji mmoja wa jeneriki bei inashuka kama asilimia 39, wakiwa wawili asilimia 54, wanne asilimia 79, wakifika sita na kuendelea inashuka zaidi ya asilimia 95. Sasa kule sheria yao inaweza kumpa wa kwanza siku 180 kabla jeneriki nyingine hazijaingia, ndo ilivyokuwa kwa Lipitor ilipoishiwa hataza Novemba 2011, miezi ya mwanzo wauzaji wachache, baadaye wakafurika. Maana yake kwako ni nini? Ukiambiwa jeneriki imetoka lakini bei bado kali, usikate tamaa ukasusa. Rudi uulize tena baada ya nusu mwaka.

Na kinyume chake ni kweli pia. Daraprim ni dawa ya tangu 1953, hataza yake ilishakufa zamani. Kule Marekani alikuwa anaiuza mtu mmoja tu. 2015 kampuni inaitwa Turing ikanunua haki ya kuiuza, ikapandisha kidonge kimoja kutoka dola 13.50 mpaka dola 750. Kidonge kimoja! Dawa ileile, haijaongezwa chochote. Na hakuna aliyewazuia kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumkimbilia. Hapo mtaniambia bei inapima nguvu ya dawa? Kidonge kilipata nguvu mara hamsini na tano kwa usiku mmoja?

Niwape na ya furaha. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mgonjwa mmoja zilikuwa zinapita dola 10,000 kwa mwaka. Watu walikuwa wanakufa na dawa ipo, imo kabatini, wanaiona. Februari 2001 kampuni ya India, Cipla, ya Yusuf Hamied, ikatangaza itawauzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa tatu kwa pamoja kwa dola 350 kwa mwaka. Chini ya dola moja kwa siku. Kulikuwa na kelele, wakaitwa maharamia, ikasemwa dawa hizo hazifai. Leo mamilioni ya watu wako hai, wanalea wajukuu, na sehemu kubwa ya dawa wanazomeza ni jeneriki. Mkitaka ushahidi kwamba jeneriki inafanya kazi, mimi ushahidi wangu mkubwa ni huo, wengine wenu mnao majumbani.

Najua bado kuna anayesema moyoni, sawa, lakini yangu ile niliiona haifanyi kazi. Tuje hapo. Hapa nitakaa kidogo.

Jeneriki inapimwaje? Wanachukuliwa watu wazima wenye afya, kwa kawaida makumi kadhaa hivi, wanapewa orijino siku moja, damu inatolewa saa baada ya saa kuona dawa imeingia kiasi gani na kwa kasi gani. Wanapumzika mpaka iishe mwilini, halafu wanapewa jeneriki, damu tena. Matokeo hayo mawili yanalinganishwa. Kipimo kinaitwa 80 kwa 125, yaani ukilinganisha jeneriki na orijino kwenye damu, jibu likae kati ya asilimia 80 na 125, na hapa ndo maneno ya mtaani yalipozaliwa, kwamba eti jeneriki inaruhusiwa kuwa na dawa pungufu asilimia 20. Hapana. Hiyo namba haipimi kiasi kilichowekwa kwenye kidonge. Ni mipaka ya hesabu ya takwimu, na makadirio yote pamoja na shaka yake inabidi yakae ndani ya mipaka hiyo, kwahiyo dawa yenye pengo kubwa kweli haipenyi. FDA walipitia tafiti 2,070 za miaka 12, wastani wa tofauti ya kiasi kinachoingia kwenye damu kati ya jeneriki na orijino ulikuwa kama asilimia 3.5. Hata paketi mbili za orijino yenyewe zinaweza kupishana kidogo.

Je, mfumo huo haujawahi kuteleza? Umeteleza, na nawaambia ili msije mkasikia kwa mwingine mkadhani nawaficha. Kulikuwa na jeneriki ya bupropioni, dawa ya sonona, ya kuachia polepole, yaani inayoingia mwilini kidogokidogo, miligramu 300. Walichofanya ni kuipima ile ya miligramu 150 halafu wakakubali kwamba ya 300 nayo itakuwa hivyohivyo. Wagonjwa wakalalamika, miaka ikapita wanaambiwa ni mawazo yenu, mpaka ya 300 yenyewe ilipopimwa ikaonekana haiko sawa, ikaondolewa sokoni 2012. Kwahiyo mgonjwa akisema hii imenibadilikia, asikilizwe. Mfamasia anayekucheka, hama.

Lakini akili nayo ina mambo yake jamani. 2008 watafiti Marekani walichukua watu 82, wakawa wanawapiga shoti ndogo za umeme kwenye mkono, halafu wakawapa kidonge cha maumivu. Nusu waliambiwa kidonge hiki ni dola 2 na senti 50. Nusu wakaambiwa kimepunguzwa bei ni senti 10. Waliopewa cha bei kubwa, asilimia 85 walisema maumivu yamepungua. Wa senti 10, asilimia 61. Sasa mnajua ndani ya vile vidonge kulikuwa na nini?

Hamna kitu. Vyote viwili vilikuwa vidonge vitupu, dawa hamna kabisa. Bei ndo ilikuwa inatibu! Na mimi siwacheki, mwili wangu nao ungefanya hivyohivyo. Ndo maana kwa dawa ya presha nawaambia msijisikilizie, pima. Umebadilisha boksi, pima presha wiki ile, pima wiki inayofuata, andika. Mashine haijui umelipa shilingi ngapi.

Na wanaozijua dawa wao wananunua nini? Kuna utafiti ulichapishwa 2015, waliangalia ununuzi wa dawa za maumivu ya kichwa. Mtu wa kawaida asilimia 26 ya manunuzi yake ni ya majina makubwa. Wafamasia? Asilimia 9. Basi.

Sasa zipo ambazo usizichezee, na hapa nataka utulivu. Dawa ambazo kati ya kufanya kazi na kudhuru pana nafasi ndogo. Warfarini ya kuzuia damu kuganda. Levothairoksini ya tezi. Takrolimusi kwa waliopandikizwa figo. Na dawa za kifafa, Uingereza mamlaka yao 2013 ilizigawa makundi matatu, kundi la kwanza lina fenitoini, kabamazepini, fenobabitali na primidoni, hizo walisema mgonjwa abaki kwenye ya mtengenezaji mmoja. Angalieni neno langu: sijasema lazima iwe orijino, nimesema ibaki ileile. Ukianza na jeneriki ya kampuni fulani, kaa nayo, na ikibidi kubadilisha daktari ajue na vipimo virudiwe. Dawa za kuvuta za pumu pia, dawa inaweza kuwa moja lakini kifaa kinatofautiana namna ya kuvuta, kwahiyo uonyeshwe upya. Na insulini na wenzake, zile zinatoka kwenye chembe hai, nakala yake haiwi ileile mia kwa mia kama ya kidonge, zina taratibu zao, ongea na daktari wako kabla.

Kuna jambo linaniudhi, nalo ni watu kuchanganya jeneriki na feki. Jeneriki imesajiliwa, imepimwa, ina mwenyewe anayejulikana. Feki ni wizi. Na fikirini kidogo: mwizi akitaka kughushi ataghushi nini, kidonge cha bei chee kisicho na jina, au kile ambacho kila mtu anakikimbilia? Februari 2012 kule Marekani kwenyewe ilikamatwa Avastin feki, dawa ya saratani, jina kubwa, bei kubwa, ndani yake dawa haimo. Kwahiyo jina kubwa halikulindi na feki, linaweza hata likamvuta mwizi. Shirika la Afya Duniani 2017 lilikadiria katika nchi za kipato cha chini na cha kati dawa moja katika kumi ni feki au hazina kiwango. Kinachokulinda ni mahali unaponunua: famasi yenye leseni, boksi halijafunguliwa, namba ya toleo ya kwenye boksi na ya kwenye bamba la vidonge zinafanana, tarehe inasomeka. Dawa ya mkononi kwa mtu anayepita, hata akikupa nusu bei na tabasamu juu, usichukue.

Nimalizie na dirishani. Kwa daktari mwambie hivi, bila aibu: hii dawa ni ya muda gani, na ina jeneriki? Mwombe aandike jina la dawa yenyewe. Ukifika kwa mfamasia usilinganishe boksi kwa boksi, moja lina vidonge 28 na jingine 30 na jingine 10, gawa bei kwa idadi upate bei ya kidonge kimoja. Hakikisha miligramu ni zilezile. Hakikisha na aina, maana metformini ya kawaida na ile ya kuachia polepole siyo moja ingawa jina linafanana, na bei yake siyo moja. Na kama kidonge chako kina dawa mbili ndani yake, uliza zikinunuliwa mbalimbali jeneriki ni bei gani, mara nyingine inashuka sana, japo sasa utameza viwili badala ya kimoja na kwa mtu anayesahau hiyo nayo ni gharama. Wakikupa boksi lenye sura tofauti na la mwezi jana, kabla hujaondoka pale uliza: hii ni badala ya ile au ni nyongeza? Uliza hata kama foleni ni ndefu na watu wanakukohoa nyuma.

Na kama hela haitoshi, sema haitoshi. Usiruke siku kimyakimya kama yule mama. Sisi dirishani hatuwezi kukisia, lakini tukijua tunaweza kumpigia daktari tukatafuta nyingine ya kundi hilohilo.

Haya, nafunga karatasi yangu. Tuna nusu saa ya maswali, nianze na yule dada mwenye kilemba cha bluu, ameshika mkono juu tangu nilipotaja kifafa, na mliokuja na mifuko ya dawa sogeeni hii meza ya kulia tuzimwage tuzisome.